Msimu uliouficha ugonjwa: kisa cha mkulima wa korosho wa Tandahimba

Dada yake aliufungua mfuko wa rambo, akaumimina wote mezani kwangu. Omeprazo. Mseto wa malaria dozi tatu, mbili zimeliwa nusu. Siprofloksasini ya taifodi. Dawa ya minyoo. Kichupa cha dawa ya asili kilichofungwa kitambaa chekundu shingoni. Na chini kabisa, amitriptilini ya miligramu 25, vidonge thelathini, hakuna hata kimoja kilichotolewa. "Hizi zote ni za mwaka mmoja, daktari," alisema. "Na mtu mwenyewe ndiye huyo."

Mtu mwenyewe alikuwa kwenye benchi, viwiko juu ya magoti, anaangalia sakafu. Miaka 41, mkulima wa Tandahimba, ekari tisa za mikorosho zilizotoka upande wa mama, wake wawili, watoto watano. Ilikuwa katikati ya Januari 2024, minada imekwisha, mvua zimeanza, wenzake wako shambani wanapanda mihogo. Shati lilimpwaya mabegani. Nilipomuuliza anaumwa nini alijibu kama wanavyojibu wengi huku: kichwa kinawaka moto, tumbo linachoma, mwili hauna nguvu, usingizi hakuna. Neno huzuni halikumtoka. Kwenye kliniki yangu mgonjwa wa sonona, yaani depresheni, haanzi na huzuni. Huzuni ni ya msibani, ina siku zake na matanga yake. Anayekuja hospitali anakuja na kiungo.

Mimi ni tabibu, ila kwa wagonjwa wangu kila mwenye koti jeupe ni daktari, nami nimeacha kubishana. Naendesha kliniki ya afya ya akili mara mbili kwa wiki katika hospitali moja ya mkoa wa Mtwara. Kisa hiki nimekiunga kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja na nimebadilisha mambo ya kumtambulisha mtu, lakini makosa ni yangu na sikuyabadilisha.

Nilimwomba dada atupishe kidogo. Kwa sauti ya chini yule bwana akaniambia: "Nimechoka. Nataka nipumzike." Nikamuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo huliogopa swali hili, wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mtu kupata pa kuutua mzigo. Tena kwetu kuna sababu ya pili ya kunyamaza: Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na watu wanajua. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema alishaitazama mara mbili ile dawa ya maji ya kupulizia mikorosho iliyo kwenye stoo yake.

Hapo mambo mawili yalifanyika kabla ya kipimo chochote. Dada alimpigia simu mjomba wao, na jioni ile ile dawa za shambani zikahamishiwa kwa jirani, chini ya kufuli, ufunguo kwa mjomba. Na amitriptilini nikaichukua mimi. Aliyeiandika kule alikotoka alikuwa na nia njema, alitaka kumpa usingizi. Lakini dawa hiyo ikimezwa nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huua, na vidonge thelathini mkononi mwa mtu anayetaka kupumzika si usingizi tena.

Tukamlaza wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na meza ya nesi. Wodi ya akili hatuna.

Uchunguzi ulitoa mambo matatu kwa pamoja. La kwanza nilishalitarajia: dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa na alama 27, lilitoa 21, yaani sonona kali. La pili lilitokea mikononi. Asubuhi ya pili vidole vilitetemeka kiasi cha kumwaga chai, jasho jembamba, mapigo 118. Dada akakiri kile ambacho mwenyewe alikipunguza: uraka, pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), kuanzia yanapodondoka mpaka yaishe, na gongo katikati ya misimu. Dodoso la pombe, AUDIT, lilitoa 23 kati ya 40. La tatu lilikuwa kwenye kadi ya CTC, kliniki ya huduma na dawa za VVU, iliyofichwa ndani ya mfuko wa suruali: anaishi na VVU tangu 2015, yuko kwenye kidonge kimoja cha siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na virusi vimefubaa. Malaria hakuna, kaswende hakuna, sukari sawa. Vimeng'enya vya ini vimepanda, AST zaidi ya mara mbili ya ALT, jambo linaloelekeza kidole kwenye pombe.

Kila kimoja kati ya hivi kingeweza kuibeba picha nzima peke yake. Pombe inaleta huzuni na kukosa usingizi. Zamani CTC walimpa efavirenzi, dawa inayojulikana kwa ndoto mbaya na kushusha moyo. Hata dolutegraviri yenyewe inaweza kukatisha usingizi, naye alikuwa akiimeza saa tatu usiku. Tuliihamishia asubuhi, jambo dogo lisilogharimu kitu, na usingizi ukaongezeka saa moja hivi.

Tulianza na pombe kwa sababu pombe ndiyo inayoua haraka. Degedege la kuacha pombe huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa kutisha huja siku ya pili hadi ya nne. Akapata diazepamu kwa dozi iliyopunguzwa siku hadi siku, na sindano za thiamini (vitamini B1), tena kabla ya dripu ya glukosi. Mtu mwenye njaa ya thiamini ukimwingizia sukari kwanza unaweza kumharibu ubongo. Siku ya sita mikono ilitulia akaomba ugali.

Kisha tukasubiri, na kusubiri kuna kazi yake. Sonona iliyoletwa na pombe huanza kuyeyuka yenyewe mtu akikaa wiki mbili hadi nne bila kunywa. Dada alimchukua kwake, anakuja kliniki kila wiki. Mwanzoni mwa Februari PHQ-9 ilikuwa imeshuka hadi 16 tu. Pombe imeondoka, huzuni imebaki. Nikaandika kwenye faili: sonona inayojitegemea, pamoja na uraibu wa pombe na VVU. Nikaridhika na nafsi yangu.

Kabla ya dawa ya sonona, mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani unataka uulize kama mgonjwa amewahi kupata mania, yaani kipindi cha kupanda: nguvu zisizo za kawaida, usingizi kidogo, maneno mengi, matumizi ya kichaa. Niliuliza. Niliuliza vibaya. Nilisema, "Umewahi kuwa na kipindi cha furaha kupita kiasi, unatumia hela hovyo?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Wakati wa korosho, daktari. Nani hana?"

Nikacheka naye. Nikaandika: hakuna. Nikampa fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi, vidonge vya wiki moja moja, dada ndiye mtunzaji.

Wiki ya tatu, Jumatatu, si siku ya kliniki, nilisikia sauti yake kabla sijamwona. Alikuwa amewasili kwa bodaboda tatu. Moja amepanda yeye, mbili zinamfuata, zote ameshazikubalia bei kwa maneno. Shati jipya, miwani ya jua. Alinisalimia shikamoo, mimi niliye mdogo kwake kwa miaka minne, akacheka, akaanza kunieleza mpango wa kubangua korosho za wilaya nzima na kuuza India bila kupitia mnada. Hakunywa hata tone. Hakuwa amelala usiku tano. Nyuma yake dada amesimama, kanga begani, macho mekundu. Yeye ndiye aliyekuwa anakesha.

Fluoksetini tuliisimamisha siku hiyo hiyo. Usiku wa kwanza ilibidi atulizwe kwa haloperidoli ya sindano, baadaye olanzapini miligramu 10 usiku. Wodini waliosikia wakaanza kunong'ona Mirembe, kwa sababu huku jina la hospitali ile ya Dodoma ni tusi kabla ya kuwa mahali pa tiba. Mjomba alikuja na hoja nyingine: dawa zenu ndizo zilizompandisha. Alikuwa na haki kwa nusu. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka, inaweza kumrusha upande wa pili. Lakini swali langu lilikuwa kubwa zaidi: hii ni dawa tu, au ni ugonjwa uliokuwapo miaka yote na dawa imeufunua tu?

Nilikaa na dada chumba cha kliniki kwa muda wa karibu saa mbili. Nilichana ubavu wa katoni ya glovu, nikachora mstari mrefu, nikaugawa kwa miaka. Miaka yenyewe hakuikumbuka kwa namba, wala sikumlazimisha. Tulihesabu kwa "mwaka wa bei kubwa", "mwaka wa jeshi", "mwaka aliozaliwa mdogo wao". Juu ya mstari nikaweka safu tatu: hela, pombe, na mtu mwenyewe.

Mwaka wa bei kubwa ni msimu wa 2017, korosho zilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Bwana yule alinunua pikipiki mbili, akaoa mke wa pili ndani ya siku kumi, akawa anazungumza usiku kucha. "Mbona hamkushtuka?" nikauliza. "Mwaka ule kila mtu alikuwa kichaa," dada alisema. "Watu wanasimulia waliowanywesha mbuzi soda. Yeye angeonekanaje?" Kweli. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani, unaingiza fedha ya mwaka mzima kwa siku chache kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kijiji kizima kinapanda kwa pamoja.

Mwaka wa jeshi ni msimu uliofuata. Novemba 2018 Serikali ilikataa bei za wanunuzi, ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, wanajeshi wakapewa kazi ya kukusanya mzigo, na uhakiki wa wakulima ukachukua muda mrefu. Yeye alilala ndani, haongei, hali. Nani hakulala ndani mwaka ule? Kupanda kwake kulifunikwa na msimu mzuri, kushuka kwake kukafunikwa na msimu mbaya. Juu yake ikaja pombe, kwa sababu mabibo hudondoka wakati ule ule hela zinapoingia. Kalenda tatu zilikaa juu ya nyingine kama karatasi nyembamba, na kila aliyetazama aliona ile ya juu tu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulichotafuta ni mahali zinapoachana. Tulipata pawili.

Pa kwanza ni Ramadhani ya 2021, iliyoangukia katikati ya Aprili hadi Mei, katikati ya masika. Hela hakuna, mabibo hakuna, na pombe alikuwa ameiacha kabisa tangu Shaabani. Mwezi ule aliamsha mtaa mzima kula daku, akianza saa saba usiku, kisha saa sita. Akiswali anabaki msikitini mpaka alfajiri, akitoka anaenda shambani moja kwa moja. Watu walisema ameongoka. Wiki ya tatu alikopa bati hamsini dukani kwa ajili ya kuezeka msikiti ambao haukuwa unavuja, akamtusi imamu aliyemuuliza. Deni la bati alimaliza kulipa miaka miwili baadaye.

Pa pili ni Novemba 2022. Minada inaendelea, nyumba za jirani zina nyama kila jioni. Yeye wiki tano hatoki. Korosho zake ziliokotwa na watoto, nyingine zikaotea chini ya miti. Uraka ulipelekwa mlangoni na ukarudi.

Nikaweka kalamu chini. Dada akaitazama katoni, akasema polepole: "Mjomba wetu mkubwa, yule marehemu, naye alikuwa hivi. Akipandwa anatembea kwa miguu mpaka Newala usiku, anaimba. Walisema mashetani." Jambo hili mgonjwa asingeniambia kamwe. Habari za ukoo huku zinakaa upande wa mama, na mtunzaji wake mara nyingi ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Nilikuwa nimemtoa nje dakika ya kumi ya siku ya kwanza. Nilikuwa sahihi kumtoa kwa swali la kujiua, ila nilisahau kumrudisha.

Siku hizi swali langu ni jingine. Siulizi furaha, siulizi hela. Nauliza: "Umewahi kulala kwa saa mbili au tatu tu, siku nne au zaidi mfululizo, na asubuhi huna uchovu?" Mwenye sonona halali na amechoka. Mwenye kupanda halali na hajali. Kisha nauliza jibu lilitokea mwezi gani, na mwezi huo kijiji kilikuwa kinafanya nini.

Kuchagua dawa ya kumtuliza kwa muda mrefu kulikuwa kama kupita shamba lenye mashimo. Karbamazepini ndiyo rahisi kupatikana, na wengi huandika hiyo bila kufikiri. Lakini inaharakisha ini kuondoa dolutegraviri mwilini. Ukiitoa bila kuongeza dolutegraviri iwe mara mbili kwa siku, unaweza kuponya akili huku ukiwafungulia virusi mlango. Lithi ni dawa nzuri, tena ina sifa ya kupunguza vifo vya kujiua, ila inadai kipimo cha damu cha mara kwa mara ambacho hatuna, na kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru pana nafasi ndogo. Kwa mtu anayepalilia juani, anayetoka jasho siku nzima, na figo zake tayari zinabeba tenofoviri, sikuthubutu. Ikabaki valproeti, ambayo haigombani sana na dawa zake za CTC, ila inagombana na ini. Tulirudia kipimo cha ini: baada ya wiki saba bila pombe vimeng'enya vilikuwa karibu na kawaida. Tukaanza miligramu 200 mara mbili, tukapanda taratibu hadi 500 mara mbili, olanzapini ikiendelea chini yake. Angekuwa mwanamke wa umri wa kuzaa nisingeigusa valproeti, kwa sababu ya madhara yake kwa mtoto tumboni.

Kabla ya kuandika niliwapigia wenzangu wa CTC. Niliona aibu kidogo: miaka yote hiyo mgonjwa alikuwa na mafaili mawili katika hospitali moja, umbali wa korido, na mafaili hayajawahi kukutana. Sasa siku yake ya CTC na ya kliniki yangu ni moja. Anapanga foleni mara mbili lakini analipa nauli mara moja.

Aliruhusiwa katikati ya Machi 2024, Ramadhani ikiwa imeanza. Kukatisha usingizi ni moja ya njia za haraka za kumpandisha mtu wa aina hii, na daku ni kuamka usiku kila siku kwa mwezi. Nilitegemea ubishi. Mjomba alimleta sheikh wa mtaa, tukakaa watatu chini ya mwembe wa hospitali, na sheikh akamaliza kwa sentensi moja: mgonjwa ana ruhusa, atalisha masikini. Aliyeumia ni mgonjwa mwenyewe. Alisema mwezi ule ndio pekee aliojisikia mtu, na sisi tumeuita ugonjwa. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia swala zake ni zake, tunachopigania ni usingizi. Alikubali kwa kuinamisha kichwa, na sijui kama tulielewana.

Pombe ilitushinda mara mbili. Mke wa pili ndiye aliyekuwa akipika uraka wa kuuza, na hela ya uraka ndiyo iliyolipa daftari na sare za watoto. Kumwambia mtu asinywe huku mtungi uko uani ni mzaha. Mke akahamishia mitungi kwa mama yake, kijiji cha pili, akapoteza wateja nusu. Oktoba 2024 bwana alitembea mpaka huko. Akanywa siku nne, akaacha valproeti kwa sababu alisikia haichanganywi na pombe, na tukaanza upya. Tulishukuru kwamba kadi ya benki ilikuwa kwa dada: kabla ya msimu waliandikiana, mbele ya mjomba, kwamba malipo ya AMCOS yatatoka kwa mafungu matatu. Alinung'unika kwamba amefanywa mtoto, kisha akataka lile fungu la kwanza liwe kubwa kidogo. Walimpa.

Uzito uliongezeka kilo tisa, kazi ya olanzapini hiyo, na tukaipunguza. PHQ-9 yake sasa hucheza kati ya 5 na 9. Zile dawa za shambani bado ziko kwa jirani; wakati wa kupuliza anakwenda kuomba, anarudisha jioni.

Septemba 2025 alikuja peke yake, siku isiyo yake, kaka wa makamo aliyevaa vizuri, akangoja mpaka foleni ikaisha. Alikuwa ameikunja ile katoni mara nne, imekaa ndani ya kadi ya CTC, kingo zimelainika kama kitambaa. Akaikunjua mezani.

"Leo usiku wa nne nalala saa tatu tu," alisema. "Asubuhi sichoki. Na mabibo hayajaanza kudondoka."

Nikanyoosha mkono kuchukua faili. Yeye akanyoosha wake, akaomba kalamu.